Namna ya Kuhakiki Filamu ya Mapigano, Vichekesho au Safari za Hatari: Mwongozo Kamili kwa Mtazamaji wa Uganda

Watu wanaoniletea uhakiki wao niusome kwanza hukwama mahali palepale. Mmoja anasimulia filamu yote, tangu steringi anapoamka hadi adui anapoanguka, kisha anamalizia kwa "ni nzuri, itafuteni". Mwingine anapanga sifa tupu: kali, noma, ya kusisimua. Ukimaliza kumsoma huwezi kusema ni nini kilichoonekana kwenye kioo. Na wapo wengi wanaoisifu filamu kwa vichekesho ambavyo, ukiitazama katika lugha yake ya asili, havimo kabisa. Vilitoka mdomoni mwa VJ, yule anayeitafsiri filamu kwa sauti yake huku picha zikiendelea.

Mwongozo huu ni wa uhakiki mfupi, maneno 400 hivi, wa filamu tunazotazama kwa kujifurahisha. Msomaji wako yuko Kisenyi, Arua, Tororo au Busia, ana pesa kidogo na jioni moja ya Jumamosi. Anataka kujua aende au asiende.

Kila hatua inasimama juu ya jambo moja: filamu ipimwe kwa ahadi iliyoitoa yenyewe. Ya mapigano iliahidi mapigano, ya vichekesho iliahidi kicheko, ya safari iliahidi kukupeleka mahali usipopajua. Kuilaumu filamu ya kuchekesha kwa sababu haikukupa mafunzo ya maisha ni kuionea. Kuisamehe filamu mbovu kwa sababu unampenda mwigizaji wake ni kumwibia msomaji pesa yake.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Filamu nzima, katika nakala ambayo picha inaonekana na sauti inasikika.
- Toleo la pili la filamu hiyohiyo lisilo na VJ, kama unayo ya VJ. Likikosekana kabisa, dakika kumi za toleo la asili zinatosha kufanya jaribio la hatua ya 3.
- Daftari na kalamu. Simu ni mbaya kwa kazi hii: mwanga wake unawakera waliokaa nyuma yako, na ujumbe ukiingia umeshapoteza tukio.
- Saa, ili ujue tukio limetokea dakika ya ngapi.
- Bando dogo la intaneti la kuhakikisha majina na miaka.
- Mtu mmoja ambaye hajaitazama filamu hiyo. Huyu utamhitaji mwishoni, kwa hiyo usimhadithie kitu.

Andaa pia muda. Filamu ya saa mbili inahitaji saa mbili za kuitazama, saa moja ya kurudia sehemu, na saa mbili za kuandika.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni filamu ipi, na kwamba ni nzima

Filamu kwetu huitwa kwa jina la mwigizaji au la mhusika. Ukiomba "Rambo ya kwanza" utapewa yoyote iliyo karibu. Filamu ya kwanza ya Rambo inaitwa *First Blood*, ya 1982, iliyoongozwa na Ted Kotcheff. Neno Rambo liliingia kwenye jina la ya pili, mwaka 1985, na ile inayoitwa *Rambo* tu ni ya nne, ya 2008. Ukiandika "nimetazama Rambo" bila mwaka, msomaji wako atalipia filamu nyingine kabisa na lawama zitakuangukia wewe.

Kwa hiyo, kabla ya chochote, andika juu ya ukurasa: jina kamili, mwaka, mwongozaji, waigizaji wawili au watatu wakuu, na urefu kwa dakika. Majina yatoe kwenye maandishi ya mwanzo na mwisho wa filamu yenyewe. Usiyatoe kwenye bango la mlangoni. Bango limetengenezwa kuita watu, na mara nyingine linabeba sura ya mwigizaji anayeonekana kwa dakika tano.

Kisha linganisha dakika. *Mad Max: Fury Road* ya 2015 ni ya dakika 120, nakala yako ikiwa na dakika 97, kuna kitu kimekatwa, na huenda kilichokatwa ndicho kingekueleza kwa nini watu wanakimbizana. Nakala nyingi za vibandani, yaani kwenye vibanda vya kuonyeshea video, hukatwa majina ya mwisho ili filamu inayofuata ianze upesi. Kwa filamu nyingi hiyo si hasara kubwa. Kwa filamu za Jackie Chan ni hasara: yeye huweka mwishoni, majina yakipita, vipande vya matukio yaliyoharibika wakati wa kurekodi, pamoja na michezo ya hatari iliyokwenda kombo. Huo ni ushahidi kwamba mtu mwenyewe aliruka na mwenyewe aliumia. Anayezima mapema anakosa sehemu ya ahadi aliyoilipia.

Tahadhari: kama nakala yako ilirekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, usiseme lolote kuhusu rangi, mwanga wala sauti. Unachokiona hapo ni makosa ya aliyeirekodi. Tafuta nakala halali, hata kama itakubidi kusubiri.

Umefanikiwa kama: mtu akisoma mistari yako mitatu ya juu anaweza kuipata filamu hiyohiyo bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Mara ya kwanza, kaa utazame

Usiandike sentensi. Ukiandika sentensi unainamisha kichwa, na filamu ya mapigano haimsubiri aliyeinama. Tumia herufi moja na dakika: K kwa kicheko, M kwa mshtuko au msisimko, S kwa "sijaelewa", Z kwa "nimechoka". Ukurasa wako utaonekana hivi: K12, M19, S33, Z48, Z55, M71.

Herufi hizo zitakulinda baadaye. Mtu akishatoka kwenye mwisho mkali husahau kwamba katikati alipiga miayo kwa nusu saa, naye ataandika kwamba filamu yote ilimshika. Daftari halisahau.

Ukiwa kibandani una bahati ambayo wahakiki wengi hawana: umati. Sikiliza ni wapi watu wote wanacheka kwa pamoja, na wapi wanacheka watatu tu. Tazama ni wakati gani watu wanaanza kutoka nje kununua chapati. Andika T kwa dakika hizo. Watu sitini hawatoki nje bila sababu.

Tahadhari: umati huongeza ladha. Kicheko cha wengi hukufanya ucheke hata pasipo na kitu. Ndiyo maana utarudia baadhi ya matukio ukiwa peke yako.

## Hatua ya 3: Tenganisha VJ na filamu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na ndipo mhakiki wa Uganda anapoweza kufanya jambo ambalo wa kwingine hana nafasi ya kulifanya.

VJ anafanya zaidi ya kutafsiri. Anawapa wahusika majina ya kwetu, anaongeza matani ya mtaani, anaeleza kisa ambacho filamu imekieleza vibaya, anashangilia pale ambapo filamu imelala. Kuna watazamaji wanaochagua cha kutazama kwa jina la VJ Junior au VJ Jingo, vilevile wanavyochagua kwa jina la mwigizaji, na hawakosei: wanajua wanachokilipia. Lakini wewe ukimsifu mwongozaji wa Marekani au Hong Kong kwa utani uliotungwa Kampala, unamnyang'anya VJ haki yake, na unamdanganya msomaji atakayeitazama filamu hiyo bila VJ.

Fanya jaribio hili:

1. Chagua matukio matatu yenye K au M ambayo umati uliyapokea kwa nguvu zaidi.
2. Yatazame katika toleo la asili, lenye maandishi ya tafsiri chini ya kioo ikiwa huielewi lugha.
3. Yatazame tena sauti ikiwa imezimwa kabisa.

Ukicheka hata sauti ikiwa imezimwa, kicheko ni cha mwili na uso wa mwigizaji, na ni mali ya filamu. Ukicheka kwenye toleo la asili ila si kwenye ukimya, sifa ni ya mwandishi wa mazungumzo. Ukicheka kwenye toleo la VJ peke yake, sifa ni ya VJ.

Jaribio hilohilo lifanyie kisa. VJ anapokueleza kwamba "huyu ndiye aliyemuua baba yake", jiulize kama filamu yenyewe ilishakuonyesha hilo. Filamu ambayo huielewi bila VJ ina kasoro katika usimulizi wake, na msomaji ana haki ya kuijua kasoro hiyo.

Kisha mhakiki VJ naye, katika aya yake mwenyewe. Je, anaacha ukimya pale filamu inapouhitaji, au anazungumza juu ya kila pumzi? Anatoa siri kabla ya wakati? Anaongeza matusi ambayo filamu haina? Mambo haya matatu yanamgusa moja kwa moja mzazi anayetaka kwenda na watoto.

Lipo jambo moja linaloivunja kanuni hii. *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya 2010 iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Nabwana I.G.G., imejulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Toleo hilo ndilo kazi yenyewe kama watu wanavyoijua. Filamu ya namna hiyo ihakiki pamoja na VJ wake, maana ameshakuwa mmoja wa wahusika.

Umefanikiwa kama: kila kicheko ulichokiandika kina mwenyewe.

## Hatua ya 4: Mara ya pili, tafuta ushahidi

Rudi kwenye matukio matatu au manne, usitazame filamu yote tena. Sasa unaandika sentensi, na unachotafuta kinategemea aina ya filamu.

### Filamu ya mapigano

Jiulize kwanza: je, unajua nani yuko wapi? Simamisha picha katikati ya pambano useme steringi yuko upande gani, adui wangapi wamebaki, mlango uko wapi. Ukishindwa mara tatu, mwongozaji ameficha kitu, na mara nyingi anachokificha ni kwamba waigizaji hawajui kupigana. Picha zinakatwa kila nusu sekunde ili usione kwamba ngumi haikufika.

Lakini usiseme moja kwa moja kwamba kukata haraka ni kubaya. *Fury Road* imekatwa haraka sana, na bado jicho halipotei. Siri yake inaonekana ukiitazama kwa makini: kitu muhimu kimewekwa katikati ya picha, mara kwa mara, kwa hiyo picha inapobadilika jicho lako limeshafika. Mwongozaji George Miller alifanya kazi hiyo na mhariri Margaret Sixel, ambaye alipata Oscar kwa uhariri huo. Sehemu kubwa ilirekodiwa kwenye jangwa la Namibia, kwa magari ya kweli yanayokimbia kweli, na uzito wake unausikia. Ukitaka kujua uhariri mzuri ni nini, tazama dakika ishirini za filamu hiyo sauti ikiwa imezimwa.

Pili, je, mtu anaumia? Steringi hafi, hilo tunalijua tangu utotoni. Lakini anachoka? Anachechemea baada ya kuruka ghorofa? Pale steringi anapopigwa risasi begani na dakika mbili baadaye anabeba mtu kwa bega hilohilo, andika dakika hiyo. Si kosa kubwa kila mara. Filamu nyingine imeahidi mtu asiyeshindika na imekupa. Kosa ni pale inapotaka umwonee huruma kisha ikasahau jeraha lake.

Tatu, adui. Adui dhaifu anaharibu filamu upesi kuliko steringi dhaifu, kwa sababu hofu yote inatoka kwake. Andika jambo moja alilolifanya kabla ya pambano la mwisho lililokufanya umwogope. Kama hakuna, umepata kasoro yako kuu.

### Filamu ya vichekesho

Hapa usihesabu vicheko tu. Tafuta chanzo chake: ni maneno, ni mwili, au ni hali ambayo mhusika ameingizwa? Maneno hufa yakivuka lugha, mwili hauhitaji tafsiri, na hali husafiri vizuri kama watu wa hapa wanaijua. Mtu anayejifanya tajiri mbele ya wakwe zake atachekwa Mbale kama anavyochekwa popote.

*Jumanji: Welcome to the Jungle* ya 2017, iliyoongozwa na Jake Kasdan, ni mfano mzuri wa kufanyia mazoezi. Vijana wanne wa shule wanaingizwa ndani ya mchezo wa video, kila mmoja katika mwili wa mtu mzima asiyefanana naye. Mvulana mwoga anajikuta ni Dwayne Johnson. Mchezaji mpira mkubwa anakuwa Kevin Hart mfupi. Msichana anayejipenda anakuwa Jack Black. Kicheko kinatoka kwenye hali hiyo, kwa hiyo waigizaji hawahitaji kusema maneno mengi ya kuchekesha. Jack Black akitembea tu, watu wanacheka. Ukiliona hilo umeshaijua injini ya filamu, na aya yako ya ushahidi imejiandika.

Angalia pia marudio. Utani uleule ukija mara ya tatu lazima uwe umegeuka kidogo. Usipogeuka, ni mwandishi aliyeishiwa.

### Filamu ya safari za hatari

Mambo mawili yanatosha: mahali na kanuni. Mahali pawe na tabia yake. Je, ungeweza kuihamishia safari hiyo msitu mwingine bila kubadilisha kitu? Kanuni ni kile filamu ilichokueleza mapema kuhusu hatari zake. Katika *Jumanji* hiyo, kila mtu ana maisha matatu, yamechorwa mkononi mwake. Ukishajua kanuni, kazi yako ni kuangalia kama filamu inaiheshimu au inaivunja inapobanwa. Filamu inayovunja kanuni yake mwenyewe ili kumwokoa steringi imekula ahadi.

## Hatua ya 5: Andika hukumu kwa sentensi moja

Kabla ya aya yoyote. Sentensi hiyo ibebe ahadi, kama imetimizwa, na inamfaa nani. Kwa mfano: "Inaahidi kukimbizana kwa magari na inakupa hicho kwa saa mbili bila kupumua, lakini anayetaka mazungumzo asiende."

Usipoweza kuiandika, bado hujui unachofikiri. Rudi kwenye herufi zako: ukurasa wenye Z nyingi kuliko M umeshakuambia.

## Hatua ya 6: Andika, kwa mpangilio huu

Maneno 60 ya kwanza: tukio moja. Anza na kitu kinachoonekana. Acha maisha ya mwongozaji, acha "katika ulimwengu wa filamu". Msomaji yuko kwenye simu, na mstari wa kwanza ndio unaomshika au unaompoteza.

Maneno 70: kisa. Nani, anataka nini, nani anamzuia. Usivuke robo ya kwanza ya filamu. Kwa filamu ya dakika 120, chochote kinachotokea baada ya dakika ya 30 kiache, isipokuwa tukio la ushahidi lisilofichua kisa.

Maneno 170: ushahidi. Matukio mawili, yaelezwe vizuri, kila moja na sababu yake. Hapa ndipo uhakiki ulipo. Kwingine kote ni njia ya kufika hapa.

Maneno 60: kasoro. Hata filamu unayoipenda ina moja. Ikiwa ni filamu mbovu, geuza: kasoro zichukue nafasi ya ushahidi, na hapa useme kilicho kizuri.

Maneno 40: ushauri. Aende nani, na nani, na aitazame wapi.

Tofauti kati ya uhakiki unaofanya kazi na usiofanya kazi ni hii. Huu haufanyi kazi:

"Filamu hii inachekesha sana, waigizaji wamecheza vizuri, mapigano ni makali na mwisho wake ni mzuri mno."

Huu unafanya kazi:

"Dwayne Johnson ana misuli ya mbeba magunia wa Owino, lakini ndani ya mwili huo yumo mvulana anayeogopa kila kitu. Anajishika mikono, anashtuka kwamba ni yake, kisha anajikaza asilie. Unacheka kwa sababu hatujazoea kumwona mtu huyu akiogopa."

Ukiusoma wa pili unaona tukio, unajua linachekesha kwa sababu gani, na bado hujui filamu inaishaje.

Tahadhari ya siri: usiseme nani anakufa, nani ni msaliti, wala "utashangaa mwishoni". Hiyo ya mwisho watu huiona haina madhara, lakini msomaji ataitazama filamu yote akiusubiri mshangao, na hautamshangaza tena.

Kuhusu lugha, andika Kiswahili ambacho mwuza nguo wa Arua na dereva wa lori aliyesimama Malaba wote watakisoma bila kusita. Sema "picha zinakatwa haraka", usijaze istilahi za darasani. Kila unapokuta "nzuri", "kali" au "tamu", ifute uandike kilichotokea.

## Hatua ya 7: Filamu ya nyumbani usiihurumie

Hili linaniuma. Filamu ya Uganda inapotoka, uhakiki wake huwa wa aina mbili: "tuunge mkono vya kwetu", au kuicheka kwa sababu helikopta yake ni ya kompyuta. Zote mbili hazimsaidii aliyeitengeneza wala anayetaka kuitazama.

Ipime kwa ahadi yake, kama nyingine. *Who Killed Captain Alex?* haikuahidi milipuko ya Marekani. Iliahidi makomando, genge la Tiger Mafia, kung fu na kasi, yote kutoka mtaa mmoja, kwa silaha za bandia zilizoundwa kwa vyuma chakavu na mbao. Basi uliza: kasi ipo? Mapigano ya mikono yanaonekana? Yanaonekana, na wanaopigana wanajua wanachokifanya. Kuna filamu za mamilioni ya dola zisizofikia hapo. Je, swali lililo kwenye jina lake linashughulikiwa vya kutosha? Hapo una nafasi ya kulaumu kwa haki.

Bajeti itaje mara moja ikiwa inaeleza unachokiona, kisha uiache. Usiitumie kama udhuru, usiitumie kama kichekesho. Na majina ya waigizaji wa hapa yaandike kwa usahihi uleule unaouandikia majina ya Hollywood. Hao ndio watakaokusoma.

## Hatua ya 8: Toa ushauri unaotumika

Nyota tano kwa tano hazimwambii mtu kitu, kwa sababu kila mmoja ana nyota zake. Napendekeza daraja nne zinazohusu pesa na mahali:

- Ya ukumbini: picha na sauti vinastahili kioo kikubwa na nauli ya kwenda mjini, kwenye kumbi kama ile ya Acacia Mall, Kampala.
- Ya kibandani: inanoga na watu wengi na VJ mzuri.
- Ya nyumbani: ina mazungumzo, au inataka utulivu, au ni ya kutazama na familia.
- Ya kuacha.

Daraja lenyewe si hukumu ya ubora pekee. Ipo filamu nzuri sana ambayo kibandani itakufa kwa sababu watu wanaongea.

Ongeza mstari mmoja kuhusu watoto: kuna damu kiasi gani, kuna matusi, kuna matukio ya kitandani? Andika wazi, bila kuhubiri. Shangazi anayewapeleka wapwa zake watatu anataka kujua hilo kabla ya yote.

Umefanikiwa kama: mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho peke yake na kufanya uamuzi.

## Hatua ya 9: Msomee yule asiyeitazama

Sasa mwite yule mtu uliyemficha. Msomee kwa sauti, polepole, usieleze lolote la ziada. Kisha muulize maswali matatu: Utaitazama? Kwa nini? Inaishaje?

La kwanza ajibu ndiyo au hapana kwa uhakika. La pili ajibu kwa kutaja tukio ulilolieleza; akisema "kwa sababu umesema ni nzuri", hatua ya 4 hukuifanya vizuri. La tatu ajibu "sijui". Akikisia sawasawa, tafuta sentensi iliyomwambia uifute.

Pale ulimi wako unapojikwaa ukisoma, sentensi ni ndefu mno. Igawe.

## Ukikwama

Uhakiki umefika maneno 900. Karibu kila mara ni kisa kilichovimba. Kata kila "kisha" na "baada ya hapo" pamoja na yanayofuata, utabaki na 400.

Unaipenda filamu lakini huwezi kusema kwa nini. Chagua dakika moja ambayo ungemwonyesha rafiki. Ieleze hiyo. Sababu itajitokeza ukiwa unaandika.

Watu wote wameipenda, wewe hukuipenda. Iandike hivyohivyo, ila taja umati ulivyopokea: "kibanda kizima kilishangilia pambano la sokoni, mimi nililiona mara mbili na bado sikujua nani anampiga nani." Msomaji ana pande zote mbili, aamue.

Hukuielewa. Angalia S zako. Kama nakala yako ni nzima na umeitazama bila VJ, na bado hukuelewa, taja mahali hasa ulipopotea. Usijifanye umeelewa kwa kunakili maelezo ya mtu mwingine. Wanaoijua filamu watagundua kwa sentensi moja.

Umekuta jina au mwaka una utata. Uache nje mpaka uhakikishe. Uhakiki usio na jina la mpiga picha bado ni uhakiki. Wenye jina la mtu asiyehusika unapaswa kuandikwa upya.

Filamu haina cha kusemwa. Hutokea. Mapigano ya kawaida, matani ya kawaida, hakuna kilichokuudhi wala kukupendeza. Usiijaze maneno ili ifike 400. Andika 120: jina, mwaka, ahadi, tukio moja, daraja. Kisha tafuta nyingine ya Jumamosi ijayo.